Shahada ya mtu ambaye bado hajaamua

Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za Mwanga hapa Kigoma hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Mwenye kompyuta ana foleni, mtandao unasuasua, na swali lake ni lile lile kwa kila anayekaa kwenye stuli: "Unaomba kozi gani?" Anataka jibu kwa sekunde tano. Wengine wanataja kozi aliyoomba mtu aliyetangulia. Wengine, na si wachache, wanamwambia: "Niwekee yoyote itakayokubali."

Makala hii ni ya huyo wa mwisho. Ufaulu anao, chuo atapata, ila ukimuuliza anataka kuwa nani, akikujibu kwa ukweli atasema hajui. Kutojua ukiwa na miaka 19 ni jambo la kawaida, halihitaji hata kuombewa. Tatizo ni kwamba mfumo wetu unakutoza kwa kutojua, tena unakutoza mapema. Kozi pana, ile inayochanganya fani mbili tatu, yaweza kupunguza tozo hiyo au kuizidisha maradufu, kutegemea umeichaguaje.

## Mlango uko upande gani

Ukiuliza intaneti "nisome nini kama sijaamua", majibu mengi yametoka Marekani, na yote yanaimba wimbo mmoja: chukua shahada pana, changanya fani, utaamua mbele ya safari. Kwao ushauri huo una mashiko. Mwanafunzi wa kule anaweza kuingia chuo bila kutangaza kozi, akaonja masomo ya kila aina, akaja kutangaza mwishoni mwa mwaka wa pili. Shahada yake kwa kawaida ina krediti 120, kama masomo 40 hivi, na mengi anajichagulia. Chuo Kikuu cha Brown, tangu 1969, hakina hata orodha ya masomo ya lazima kwa wanafunzi wote. Kubwa zaidi, udaktari na uanasheria kule husomewa baada ya shahada ya kwanza. Mtu anasoma historia, anaongeza masomo ya sayansi yanayotakiwa, halafu anaomba kusomea udaktari. Mlango wa taaluma uko baada ya shahada.

Kwetu mlango uko kabla. Udaktari unaanza moja kwa moja baada ya kidato cha sita, miaka 5, na unataka Fizikia, Kemia na Bayolojia zote tatu. Maana yake mlango huo ulifungwa au uliachwa wazi siku ile ulipojaza tahasusi ukiwa kidato cha nne, pengine ukimfuata rafiki. Uhandisi ni hivyo hivyo kwa Fizikia na Hisabati. Hakuna shahada pana ya miaka 3 itakayokurudisha huko.

Kwa hiyo kabla hujavutiwa na kozi mtambuka, jiulize kwanza nini kitakufia ukiichukua. Kama una PCB na moyoni kuna hata punje ya udaktari, famasi au uuguzi, omba hiyo kwanza. Kutoka kwenye afya kwenda kwenye sera, mipango au utafiti kunawezekana kwa shahada ya uzamili. Kutoka kwenye masomo ya maendeleo kwenda wodini ni kuanza moja. Ukishajiridhisha kwamba milango hiyo imefungwa, au iko wazi na huitaki kwa dhati, hapo ndipo upana unaanza kuwa na faida.

Watu wa Tabora hupenda kumtolea mfano Mwalimu Nyerere. Alisoma Tabora School, akaenda Makerere, akarudi kufundisha St. Mary's pale pale Tabora, kisha kati ya 1949 na 1952 akasoma Edinburgh shahada iliyochanganya historia, uchumi, sheria na falsafa. Ni mseto hasa. Kinachosahaulika ni kwamba aliondoka akiwa na stashahada ya ualimu mfukoni na miaka kadhaa ya chaki mkononi. Upana wake ulikaa juu ya kazi aliyokwisha kuijua.

Hilo ndilo jambo moja ninalotaka ubaki nalo unaposoma yanayofuata: upana peke yake haukai, unahitaji kitu kigumu cha kukalia. Nitakiita zana. Takwimu ni zana. Kuchora ramani kwa kompyuta ni zana. Kusoma sheria na kuandika hoja ni zana, kutunza hesabu ni zana, kuandika ripoti inayosomeka nayo ni zana. "Kuelewa changamoto za jamii" si zana.

## Mstari mmoja wa kitabu cha TCU

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa kila mwaka vitabu vya mwongozo wa udahili, kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada. Vinapatikana bure kwenye tovuti yake. Usisome kitabu kizima. Tafuta kozi unayoifikiria, kisha usome mstari wake kuanzia kushoto hadi kulia kama unavyosoma risiti: jina la kozi, msimbo, masharti ya kuingia, alama za chini za chuo, idadi ya miaka na nafasi zilizopo.

Sharti la jumla linafahamika. Kwa waliomaliza kuanzia 2016 unahitaji ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha. Wengi wanaishia kusoma hapo na kushangilia. Neno lenye uzito ni lile linalosema masomo mawili *yanayotajwa na kozi hiyo*. Ukiwa na HGL yenye C ya Historia, D ya Jiografia na D ya Kiingereza una pointi 7 kwa jumla, lakini kozi inayotaja Jiografia, Uchumi na Hisabati itaona somo moja tu. Hapo umekosa, hata kama mwenzako mwenye pointi chache amepata.

Halafu kuna sentensi ndogo mwishoni mwa masharti, ndiyo inayoangusha watu wa sanaa kuliko zote. Kozi nyingi za uchumi, takwimu, biashara na kompyuta huandika kwamba, kama Hisabati si mojawapo ya masomo yako makuu, uwe na ufaulu wa BAM (ile Hisabati ndogo ya kidato cha sita kwa wasiosoma Hisabati kuu) au alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Aliyesoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) alipita BAM. Aliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) hakuiona kabisa, na kama kidato cha nne alipata F, kurasa nyingi za kitabu kile hazimhusu.

Dawa ipo na haijulikani kama inavyostahili: unaweza kurudia Hisabati peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Usajili hufanyika miezi mingi kabla, kwa hiyo anayeanza kuulizia Septemba ameshachelewa kwa mwaka huo. Kwa mtu ambaye hajaamua, alama hiyo moja ina thamani kuliko kozi yoyote ya mwezi mmoja ya kompyuta anayoweza kulipia mjini. Inamfungulia uchumi, takwimu, mipango na teknolojia ya habari kwa mkupuo.

## Anzia mwisho: tangazo la kazi

Kabla hujaomba chuo, fungua Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ukakusanye matangazo 20. Yasiwe ya kazi moja. Chukua Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, Mchumi, Mtakwimu, Afisa Mazingira, Afisa Uvuvi, Afisa Nyuki, Afisa Biashara, Afisa Mipango. Kwa kila moja nakili kifungu cha sifa za mwombaji. Kimeandikwa karibu sawa kila mahali: mwenye shahada ya kwanza katika mojawapo ya fani zifuatazo, zinatajwa, kisha "kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali".

Fani zinazotajwa ndizo soko lako. Kwa Afisa Maendeleo ya Jamii utakuta orodha pana: maendeleo ya jamii, elimu ya jamii, masomo ya maendeleo, mipango na usimamizi wa miradi, jinsia na maendeleo. Kwa Mtendaji wa Kata utakuta utawala, sheria, elimu ya jamii na jamaa zake. Kwa Mtakwimu hutakuta elimu ya jamii hata ukikodoa macho. Weka matangazo yako kwenye daftari lenye safu tatu, kazi, shahada zinazokubalika, ujuzi unaotajwa, kisha hesabu kila jina la shahada limejitokeza mara ngapi.

Utagundua mambo mawili. La kwanza, jina la shahada kwetu linasomwa na mtu mwenye orodha mezani. Kozi yaweza kuwa nzuri, walimu wazuri, lakini kama jina lake ni jipya, refu na la kupendeza ambalo halimo kwenye muundo wa utumishi wowote, utaishi ukieleza "inalingana na". Anayepokea maombi 4,000 hana muda wa maelezo hayo. Kati ya jina la kuvutia na jina la kawaida lenye masomo yale yale ndani, chukua la kawaida.

La pili, upana unaopatikana kwenye orodha za waajiri ni wa kundi, haurandi kila mahali. Elimu ya jamii, maendeleo na utawala huitwa pamoja. Uchumi na takwimu hukaribiana. Mazingira, jiografia na maliasili nazo zina ukoo wao. Shahada ikikuweka katikati ya kundi moja na kidole kikagusa kundi la pili, hiyo imepanuka vya kutosha. Inayodai kugusa makundi yote mara nyingi haijashika hata moja.

Sekta binafsi na mashirika hawafungwi na orodha namna hiyo. Wao huuliza umewahi kufanya nini. Ila nao huchuja kwa zana.

## Peni nne juu ya orodha ya masomo

Sasa ingia tovuti ya chuo, au mpigie simu aliyeko mwaka wa pili, upate orodha ya masomo yote ya kozi kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Shahada ya miaka 3 hapa nchini ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kazi, ukihesabu darasa, semina na kujisomea. Somo la krediti 12 ni saa 120 za maisha yako. Kulingana na uzito wa masomo, kozi nzima huwa na masomo 30 hadi 45.

Chapisha orodha hiyo ukae nayo na peni nne. Nyekundu kwa hesabu, takwimu na uhasibu. Bluu kwa kompyuta na ramani. Kijani kwa sheria na taratibu. Nyeusi kwa utafiti na uandishi. Somo lisilostahili rangi, kama utangulizi wa hiki, nadharia za kile, masuala mtambuka ya kadhia fulani, liache jeupe. Usidharau meupe, ndiyo yanayokupa macho ya kuona. Lakini hesabu yenye rangi. Mimi sichukui kozi yenye masomo ya zana chini ya 10 kati ya 36, na ningependa angalau 5 yawe ya rangi moja, yakipanda ngazi: takwimu ya kwanza, ya pili, uchambuzi wa data, tathmini ya miradi. Rangi zikitawanyika, moja hapa moja pale, hiyo ni chai ya majani yaliyopikwa jana. Rangi ipo, ladha hakuna.

Angalia pia masomo ya hiari. Kwenye karatasi yanaweza kuwa 12, ukifika chuoni yanafundishwa 4 kwa sababu mhadhiri yuko masomoni au wanafunzi waliojiandikisha hawafiki idadi. Mengine yanagongana kwenye ratiba na somo lako la lazima. Mengine yana somo tangulizi ambalo lilifundishwa mwaka wa kwanza katika idara nyingine, na wewe hukulichukua. Kwa hiyo mwulize mwanafunzi aliyeko huko swali hili hasa: "Mwaka jana masomo gani ya hiari yalifundishwa kweli?" Jibu lake lina ukweli kuliko kipeperushi. Tena panga zana yako iwe ndani ya masomo ya lazima. Ya hiari yawe ziada.

Mfano wa jinsi zana na upana vinavyohitajiana uko hapa hapa ziwani. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Uamuzi huo una bayolojia ya dagaa na migebuka ndani yake. Una uchumi: bei ya dagaa mwaloni Kibirizi inafanyaje, mwenye mtumbwi aliyekopa injini analipaje. Una sheria, maana ziwa ni la nchi nne na samaki hajui mpaka. Una jamii, kwa sababu wanaoanika na kuuza dagaa wengi ni akina mama ambao hawamo kwenye leseni ya mtu yeyote. Mtaalamu wa samaki peke yake hawezi kuujibu wote. Lakini mtu aliyegusa kila kitu juu juu naye atakaa kwenye kikao akitikisa kichwa. Anayehitajika ni yule anayeweza kuchukua takwimu za mialo kabla na baada ya kufungwa, akazisafisha, akazilinganisha, kisha akaelewa kwa nini mama muuzaji anasema namba hizo hazimwelezi yeye.

## Kozi zenyewe, bila kupaka mafuta

Masomo ya maendeleo na elimu ya jamii ndiyo kimbilio kubwa la wasioamua. Kuingia ni rahisi, na waajiri wanaoyataja ni wengi. Waombaji pia ni wengi. Bila takwimu na ufuatiliaji na tathmini, mhitimu anafanana na wenzake kama vifaranga. Kwa Kigoma kuna mtego wa ziada. Kwa miaka mingi kijana wa Kasulu au Kibondo ameona magari ya mashirika yakienda Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, akadhani ajira ya wakimbizi ni ya kudumu. Kambi ya Mtendeli ilifungwa 2021. Bajeti za mashirika hupanda na kushuka kwa maamuzi yanayofanywa mbali na Kigoma. Ajira za huko ni nzuri kama ngazi, usiweke shahada nzima juu yake.

Jiografia na mazingira ni chaguo ninalolipenda kwa mtu wa tahasusi yenye Jiografia, kama CBG, PGM, EGM au hata HGE. Ndani yake kuna ramani na picha za satelaiti, na hiyo ni zana inayotakiwa na halmashauri, hifadhi, ardhi, maji na miradi ya reli. Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure, unaweza kuanza kuisoma nyumbani kabla ya chuo kufunguliwa. Hatari ya kozi hii ni vyuo visivyo na maabara ya kompyuta ya kutosha. Unasoma ramani ubaoni. Uliza wanafunzi wangapi hutumia kompyuta moja.

Uchumi wa kilimo, biashara ya kilimo na maendeleo vijijini, Chuo Kikuu cha Sokoine kikiwa mbele, vinadharauliwa na vijana wa mjini kwa sababu ya neno kilimo. Mikoa yetu hii miwili, Kigoma na Tabora, ni michikichi, asali, tumbaku, mpunga na dagaa. Kituo cha utafiti wa michikichi kiko Kihinga, Kigoma. Tabora kuna kituo cha utafiti cha Tumbi na chuo cha ufugaji nyuki. Mtu mwenye uwezo wa kupiga hesabu ya gharama ya lita moja ya mawese kutoka shambani hadi gulioni hapotezi alichojifunza hata akiishia benki.

Uchumi na takwimu ndizo pana kuliko zote kwa maana ya kweli, kwa sababu zana iko kwenye jina lenyewe. Bei yake ni hesabu, na hesabu haina huruma: sapu (mitihani ya marudio) za mwaka wa kwanza hutoka huko. Kama Hisabati ya kidato cha nne uliipata kwa kubahatisha, anza kujinoa miezi ile unayosubiri chuo.

Sheria huonekana nyembamba, ila ina upana wake. Asiyetaka uwakili anaweza kuitumia katika utawala, ardhi, benki na mashirika. Anayeutaka atapita tena Shule ya Sheria baada ya shahada.

Ualimu wazazi wengi huuona hauna hasara. Kwa mtoto anayependa kufundisha, sawa. Kwa ambaye hajaamua, kuna njia nyingine: soma shahada ya somo lenyewe, jiografia au hisabati au Kiswahili, na ukija kutaka darasa uongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Ukifanya hivyo umeuacha ualimu wazi bila kufunga mengine. Uhasibu nao una mlango wa nyuma wa namna hiyo: mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hupokea hata wasiosoma uhasibu, isipokuwa wanaanzia ngazi ya chini kuliko wenzao.

Na kama pointi zako zimegusa 4.0 kwa kucha tu, fikiria kugeuza mpangilio: stashahada yenye zana kwanza, shahada baadaye. Uvuvi unasomwa Kigoma, nyuki Tabora. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Tabora, na Taasisi ya Uhasibu ina tawi Kigoma. Ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 unaruhusiwa kuomba shahada, mara hii ukiwa na kazi mkononi na sababu ya kuchagua. Ambaye hawezi kuondoka nyumbani, Chuo Kikuu Huria kina vituo katika mikoa yote miwili.

## Ukishaingia

Wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza ndizo za kuhama kozi bila maumivu. Sharti ni lile lile: uwe na sifa za kidato cha sita za kozi unayoihamia, na iwe na nafasi. Hamisho la kutoka chuo kimoja kwenda kingine hupita mikono mingi zaidi. Ukisubiri hadi muhula wa pili, unaacha mwaka mzima nyuma.

GPA ya mtu wa kozi pana ina kazi kubwa kuliko ya mhandisi, kwa sababu uwezekano wa yeye kuhitaji shahada ya uzamili ili kujinoa ni mkubwa. Kwa mfumo wa pointi 5, vyuo vingi hutaka 2.7 kwenda juu. Mwaka wa kwanza wenye raha nyingi unaweza kukuweka 2.4, na kupanda kutoka hapo ni sawa na kusukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa mlimani.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ndiyo maabara yako. Kozi nyingi hutoa wiki sita hadi nane, nyingine zaidi ya mara moja. Anayejua anachotaka arudi sehemu ile ile ajenge jina. Wewe badilisha: mwaka huu halmashauri, mwaka kesho bandari au hifadhi au kituo cha utafiti wa samaki. Peleka barua miezi miwili kabla, kwa mkono, ukiuliza ofisi gani ndani ya jengo inahitaji mtu wa kuingiza data. Wanafunzi wengi hupangiwa kuhudumia jalada na chai kwa sababu walifika bila kusema wanaweza nini. Ukisema unajua Excel ya kutengeneza jedwali la muhtasari na umewahi kukusanya data kwa simu kupitia KoboToolbox, utapewa kazi siku ya kwanza. Kila jioni andika mstari mmoja: leo kazi gani ilifanya saa ziende bila kuziona, na ipi ilifanya uitazame saa. Mwisho wa wiki nane una mistari kama 40. Hiyo ndiyo data yako ya kuamulia.

Mkopo nao usiuchanganye na uchaguzi wa kozi kwa namna mbaya. Bodi ya Mikopo ina fani inazozipa kipaumbele, na mtu wa familia isiyo na kitu lazima azitazame. Lakini deni litafuata mshahara wako kwa asilimia 15 kila mwezi. Kozi uliyoichukua kwa ajili ya bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) tu, ukaidisko, yaani ukaondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili, inakuachia deni bila cheti.

## Turudi kwenye stuli

Baadhi ya waombaji huwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) dirisha la kwanza la udahili linapofunguka, Msange, Bulombora au Kanembwa, simu zikiwa zimehifadhiwa. Kama ni wewe, mwachie ndugu unayemwamini karatasi yenye namba yako ya mtihani kamili pamoja na mwaka, majina kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne herufi kwa herufi, na kozi zako kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya mwisho, zikiwa na misimbo yake ya TCU. Kozi mbili zinaweza kufanana jina na kutofautiana msimbo, moja ya kawaida na nyingine ya ualimu. Mwenye kompyuta atabofya ile ya juu.

Barua pepe iwe yako. Namba ya simu iwe yako au ya huyo ndugu, isiwe ya steshenari. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja, na msimbo wa kuthibitisha hutumwa kwa ujumbe wa simu. Ukienda kwa namba ya mtu mwenye wateja 200, atausoma wiki ijayo, dirisha likiwa limefungwa. Nywila andika kwenye daftari, usiachie kompyuta ya watu iikumbuke. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwa sababu Bodi ya Mikopo itadai uhakiki huo na foleni yake haijali tarehe yako. Kabla hujalipa, mwombe akugeuzie skrini. Soma msimbo wa kila kozi kwa sauti, ukiulinganisha na karatasi yako, hata kama walio nyuma yako wameanza kuguna.